Fedha za kampeni: sheria ya Tanzania, ya Kenya na ya Afrika Kusini, ipi ituongoze?

Mjadala wa Katiba mpya na sheria za uchaguzi haukai muda mrefu hapa Dar es Salaam bila kufufuka, na kila ukifufuka suala la fedha linaachwa mpaka mwisho. Watu wanabishana kuhusu Tume, kuhusu wasimamizi wa uchaguzi, kuhusu mgombea binafsi. Fedha zinatajwa kwa sentensi moja, "rushwa ikomeshwe," kisha kikao kinafungwa. Ulinganisho huu ni kwa wale wanaoandaa maoni ya kupeleka mbele: vikundi vya vijana wa kata, mawakili wanaojitolea, walimu wa uraia, wanachama wa chama chochote wanaojiuliza, tukidai sheria ya fedha za kampeni, tudai ya namna gani?

Nimeweka nchi tatu bega kwa bega: Tanzania, Kenya na Afrika Kusini. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyoendelea kusoma. Cha kwanza kudai ni majina ya wafadhili kutangazwa kabla ya kura, na yatangazwe na chombo ambacho hakuna mgombea aliyekiteua. Ukomo wa matumizi, ambao ndio watu huanza nao, unaweza kusubiri.

Chukua mkutano mmoja wa kampeni pale Zakhem, Mbagala, au Tanganyika Packers, Kawe. Kabla mgombea hajashika kipaza sauti kuna jukwaa la chuma, spika, jenereta na dizeli yake. Kuna msanii wa bongo fleva na wachezaji wake. Kuna Coaster zilizobeba watu kutoka kata nyingine, na kila mwenye gari ana bei yake ya kukodisha kwa siku. Kuna bodaboda waliofunga bendera, wamejaziwa mafuta na kupewa cha mkononi. Kuna fulana, kofia, kanga, mabango kandokando ya Barabara ya Kilwa, vijana wa kuyabandika usiku, na mawakala ambao siku ya kura watahitaji nauli na chakula. Ukimuuliza mgombea, anasema chama kimesaidia. Ukiuliza chama, kinasema wanachama wamejitolea. Mwananchi aliyesimama juani hana namna ya kujua kama zile Coaster zimelipwa na mwanachama mwenye mapenzi na chama chake au na mkandarasi anayeusubiri mradi wa mitaro. Na kama ni mkandarasi, deni litalipwa na huyo huyo mwananchi, mtaro ukijengwa chini ya kiwango.

Tulichonacho nyumbani

Historia yetu katika jambo hili ni ya kujivunia kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuhalalisha takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura "kwa mila na desturi" bila kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Kila mtu aliona kilichofuata. Asasi tatu, zikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na LEAT ya wanasheria wa mazingira, zilikwenda Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam, na Aprili 2006 majaji watatu wakavifuta vifungu vya takrima kwa kuwa vinakiuka Katiba: mwenye fedha na asiye na fedha hawawezi kuwa sawa kama mmoja anaruhusiwa kulisha wapiga kura. Hukumu ile haikutoka kwa wafadhili wala kwa wageni. Ilitoka kwa wanasheria wetu.

Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya 2010, iliyosainiwa na Rais Jakaya Kikwete Machi mwaka huo. Ukiisoma, ina meno. Inakataza zawadi, vyakula na usafiri wa kushawishi kura. Inataka michango itajwe. Inazuia fedha za nje kuingia wakati uchaguzi umekaribia. Na ina jambo moja ambalo nchi nyingi zinalikosa: inaanza kazi mapema, kwenye mchakato wa uteuzi ndani ya chama, kabla hata kampeni za hadhara hazijafunguliwa.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwetu. Anayeijua siasa ya Temeke au Kinondoni anajua kuwa katika majimbo mengi mbunge alikuwa akipatikana kwenye kura za maoni za CCM, na siku ya uchaguzi mkuu ni kuthibitisha tu. Fedha nzito zinapita huko kwa wajumbe, usiku, kwenye kumbi ndogo na majumbani. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa ikirudia msemo wa "wajumbe si watu" baada ya watia nia wengi kuambulia kura za kuhesabika vidoleni ilhali waliahidiwa mamia. Watu walicheka, lakini ndani ya kicheko kile kulikuwa na ukweli kwamba kuna waliopoteza fedha walizozitoa wakitegemea kurudishiwa kwa kura. Sheria inayoishia kwenye kampeni za hadhara ingeliacha lango kuu wazi. Yetu haikuliacha, na TAKUKURU nayo ina mamlaka ya kuingia humo.

Udhaifu wake uko kwingine. Kwanza, msimamizi mkuu ni Msajili wa Vyama vya Siasa, anayeteuliwa na Rais. Na Rais, kwa utaratibu tuliouzoea, ndiye mwenyekiti wa chama tawala na mgombea wake. Sisemi kuwa Msajili yeyote ametumwa. Nasema anayesimamia fedha za wagombea wote amepewa kazi na mmoja wao. Pili, ukomo wa matumizi unawekwa na waziri kwa tangazo la Gazeti la Serikali, kwa kuangalia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na miundombinu. Waziri naye kwa kawaida ni mgombea. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, taarifa kamili ya gharama inakuja kura zikiwa zimeshapigwa. Sheria ilivyotungwa 2010 ilikipa chama siku 180 baada ya uchaguzi kuwasilisha hesabu kwa Msajili. Wakati huo mbunge ameshaapa, kamati zimeshapangwa, mkandarasi ameshaitwa ofisini.

Hapa mjini kamati ya harusi haifanyi hivyo. Kila jioni orodha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp: fulani ameahidi, fulani amelipa, fulani amepunguza. Hakuna mwanakamati atakayekubali kuletewa orodha ya wachangiaji miezi 6 baada ya bibi harusi kwenda kwake.

Kenya: sheria nzuri iliyokwama mlangoni

Ukitaka sheria iliyoandikwa kwa umakini, ya Kenya inavutia kuliko ya kwetu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 88, imeipa tume ya uchaguzi (IEBC) yenyewe kazi ya kudhibiti kiasi ambacho mgombea au chama kinaweza kutumia. Kazi hiyo haipiti mikononi mwa waziri yeyote. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ikafuata: mgombea afungue akaunti maalumu ya benki kwa ajili ya kampeni, aunde kamati ya matumizi, na mchango wa mtu au kampuni moja usizidi asilimia 20 ya michango yote aliyopata. Kifungu hicho cha asilimia 20 nakipenda sana. Kinamzuia tajiri mmoja kummiliki mgombea hata kama jumla ya matumizi haina ukomo.

Lakini angalia kilichotokea. Uchaguzi wa 2017 ulipokaribia, Bunge liliahirisha sheria hiyo. Tarehe 9 Agosti 2021, mwaka mmoja kamili kabla ya uchaguzi uliofuata, IEBC ilitangaza viwango, na mgombea urais akawekewa ukomo wa takriban shilingi bilioni 4.4 za Kenya. Oktoba mwaka huo huo Bunge la Taifa likavifuta viwango hivyo kwa hoja kwamba kanuni hazikufikishwa kwake ipasavyo. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote.

Wabunge ndio wanaobanwa na sheria hii, na wabunge ndio waliokabidhiwa ufunguo wake. Wametumia ufunguo huo kwenye chaguzi mbili mfululizo. Kwa hiyo anayesema "tuige ya Kenya" lazima aseme pia atamzuiaje mbunge kuizima sheria mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wake mwenyewe. Dawa ninayoiona ni kuweka kanuni za msingi ndani ya sheria mama, hata ndani ya Katiba, zisisubiri tangazo wala kanuni za kupitishwa baadaye.

Jambo jingine la Kenya ni mahakama. Ibara ya 140 ya Katiba yao inaruhusu matokeo ya urais kupingwa Mahakama ya Juu, na majaji wana siku 14 kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa Agosti 8. Malawi ikafuata Februari 2020 kwa kufuta uchaguzi wake wa 2019. Kwetu, ibara ya 41(7) ya Katiba inafunga mlango huo kabisa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua Julai 2020 katika kesi ya Jebra Kambole kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Wengi hawaoni uhusiano wa jambo hili na fedha. Upo. Mgombea urais akizidisha matumizi au akificha mfadhili, adhabu inayomtisha ni kupoteza ushindi. Pasipo na mahali pa kuuhoji ushindi, kilichobaki ni faini, na faini ni gharama nyingine ya kampeni.

Afrika Kusini: majina hadharani

Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi iliyofunguliwa na asasi ya My Vote Counts, iliamua kuwa haki ya kupiga kura haijakamilika kama mpiga kura hawezi kujua nani anavifadhili vyama. Hoja hii ninamuomba kila anayeandika maoni aishike. Hawakuanza na "fedha ni mbaya." Walianza na haki ya mpiga kura kujua.

Sheria ya Ufadhili wa Vyama vya Siasa ikaanza kutumika 1 Aprili 2021. Chama kinatoa taarifa kwa tume ya uchaguzi, na tume inachapisha kila robo mwaka, iwe mwaka wa uchaguzi au sivyo. Ilipoanza, kila mchango uliozidi rand 100,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu au kampuni moja ulitangazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kukipa chama zaidi ya rand milioni 15 kwa mwaka. Fedha za serikali za nje na mashirika ya nje zilizuiwa, isipokuwa kwa mafunzo na utafiti wa sera. Michango ya vitu na huduma nayo inahesabiwa kwa thamani yake.

Katika robo ya kwanza vyama vitatu tu vilitangaza michango: ANC, DA na ActionSA. Baadhi ya watu walikejeli. Lakini taarifa zikaanza kufanya kazi. ANC ilipopokea rand milioni 15 kutoka Batho Batho Trust, waandishi walifuatilia wakakuta mfuko huo una hisa katika Thebe Investment, mbia wa Shell nchini humo, wakati ule ule nchi ikibishana kuhusu utafutaji wa mafuta baharini. Hakuna aliyethibitisha kuwa sera ilinunuliwa. Mpiga kura alipata jina, kiasi na tarehe, akaamua mwenyewe. Kwetu angepata wapi jina hilo?

Kuna mapengo, na nisingependa mtu aibebe sheria hii kama ilivyo. La kwanza: haina ukomo wa matumizi kabisa. La pili ni kubwa zaidi kwa Mtanzania: haigusi uchaguzi wa ndani ya vyama. Kampeni ya Cyril Ramaphosa ya kuwania urais wa chama cha ANC mwaka 2017, iliyojulikana kama CR17, ilikusanya mamia ya mamilioni ya rand, na wafadhili wake hawakulazimika kutajwa. Mahakama ya Katiba ilibidi iamue Septemba 2022 kwamba kanuni za maadili za mawaziri zina kasoro kwa kutodai michango ya aina hiyo iwekwe wazi. Lango ambalo sheria yetu ya 2010 ililiona, wao walilisahau.

La tatu, wao wanapigia kura orodha za vyama, kwa hiyo sheria yao inakilenga zaidi chama. Sisi tunapigia kura mtu katika jimbo na kata. Tukinakili neno kwa neno, mgombea ubunge wa Ubungo atapokea fedha mkononi mwake na chama kitasema kweli kwamba hakikupokea kitu. Wajibu wa kutaja wafadhili umwangukie mgombea mwenyewe, na Coaster, mafuta na jukwaa viandikwe kwa bei ya soko kama mchango.

Nani ashike daftari

Hapa ndipo nilipositasita zaidi, kwa sababu sheria bora mikononi mwa chombo kisichoaminika inageuka kuwa fimbo ya kuchapia wapinzani.

Afrika Kusini makamishna wa tume hupitia jopo linaloongozwa na Jaji Mkuu, wakiwemo wawakilishi wa Tume ya Haki za Binadamu, Tume ya Usawa wa Jinsia na ofisi ya Mlinzi wa Umma. Usaili unafanyika hadharani, Bunge linapendekeza, Rais anateua. Tume hiyo hiyo iliitangaza ANC Juni 2024 kuwa imepata takriban asilimia 40 na kupoteza wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994, na chama tawala kikapokea matokeo. Kenya nayo ina jopo la usaili, lakini utaratibu wake ukikwama unakwama kweli: baada ya muda wa Wafula Chebukati kumalizika Januari 2023, IEBC ilikaa bila makamishna hadi Julai 2025. Kwa miaka zaidi ya miwili hakukuwa na mtu wa kusimamia hata hiyo sheria ya fedha.

Kwetu, Sheria Na. 2 ya 2024 ilileta jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na Kamati ya Usaili ya wajumbe inayoongozwa na Jaji Mkuu. Hiyo ni hatua, na nisingeidharau. Hata hivyo mwenyekiti na makamu wake wanabaki kuteuliwa na Rais. Katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 Chadema hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, intaneti ilizimwa, jiji hili likawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu walipoteza maisha. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Mwenye kuandika kuhusu sheria za uchaguzi leo bila kuitaja siku ile anamdanganya msomaji. Imani iliyopotea haitarudishwa na fomu za gharama. Lakini imani hiyo ikianza kujengwa upya, daftari la wafadhili ni mahali pazuri pa kujaribia, kwa sababu kazi yake inaweza kukaguliwa na yeyote mwenye simu.

Ruzuku naitaja kwa kifupi. Nchi zote tatu zinavipa vyama fedha za umma, na Kenya imeweka kiwango cha chini cha asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu kwa mwaka. Mgawanyo wa kura na viti unakipa chama kikubwa zaidi, kila mahali. Hilo halibadilishi uamuzi wetu hapa.

Kwa hiyo, udai nini

Kama mnaishi kwenye jimbo ambalo ushindani wa kweli uko ndani ya chama kimoja, teteeni kwa nguvu vifungu vya sheria yetu vinavyohusu uteuzi, msikubali vipunguzwe kwa kisingizio cha kuiga nje. Hakuna nchi kati ya hizi mbili itakayowapa kilicho bora kuliko hicho.

Kama kinachowaumiza ni tajiri mmoja kushika diwani, mbunge na mwenyekiti wa halmashauri kwa mkono mmoja, chukueni kifungu cha Kenya cha asilimia 20. Kiko wazi, na benki inaweza kukithibitisha.

Na kama mnaweza kudai jambo moja tu, kwa sababu muda wa kutoa maoni huwa mfupi, daini la Afrika Kusini: majina, kiasi na tarehe, yatangazwe na Tume badala ya Msajili, taarifa moja wagombea wanapoteuliwa na nyingine wiki mbili kabla ya kura. Nimeuweka ukomo wa matumizi nyuma kwa sababu ya kiutendaji. Kujua mgombea ametumia kiasi gani kunahitaji wakaguzi kila kata, nao hatuna. Kujua nani amemchangia kunahitaji akaunti moja ya benki na ukurasa mmoja unaosomeka. Mwandishi wa habari mmoja mwenye subira, akiwa na orodha ya wafadhili upande mmoja na orodha ya zabuni za halmashauri upande wa pili, anaweza kufanya kazi ambayo tangazo la waziri halitaifanya.

Kiwango cha kuanzia kutangazwa kiandikwe kwa shilingi ndani ya sheria yenyewe. Afrika Kusini waliacha mlango wa kukibadilisha kwa tangazo la Rais baada ya azimio la Bunge, na Agosti 2025 viwango vikapandishwa maradufu, hadi rand 200,000 za kutangaza na milioni 30 za ukomo, miaka minne tu baada ya sheria kuanza.

Muswada ukifika, maoni ya wadau hupokelewa na Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Utawala, Katiba na Sheria, kama ilivyokuwa Dodoma Januari 2024 kwa miswada mitatu ya uchaguzi. Siku huwa chache na dakika za kila mdau huwa chache zaidi. Malalamiko ya jumla husikilizwa na kupita. Pelekeni kifungu kilichokwishaandikwa, chenye namba ya kifungu kinachorekebishwa, nakala za kutosha kila mjumbe wa kamati, na mtu mmoja atakayekisoma kwa sauti ndani ya dakika tatu.